Kazi ni Kipimo cha Utu: Je, Kazi Yenyewe Inapimwa na Nani?

Mhadhara kwa wakazi wa Kiwira, wilayani Rungwe

Najua kila aliyekaa hapa ameacha shughuli. Mwenye ng'ombe ameacha majani hayajakatwa, mwenye pikipiki ameacha abiria, na mama lishe amemkabidhi mtu sufuria iliyoko jikoni. Nitajitahidi nisiwapotezee muda.

Nimeombwa nizungumzie kazi: watu wa hapa wanafanya nini, na wanaionaje kazi yao. Swali la kwanza halina ugumu. Ukisimama asubuhi kandokando ya barabara kuu iendayo Tukuyu na Kasumulu, jibu lenyewe linakupita mbele ya macho: ndizi kichwani, madumu ya maziwa kwenye pikipiki, viazi kwenye Fuso, askari magereza ndani ya sare zao, watoto na vikapu vya maparachichi. Swali la pili ndilo lenye kina, na ndilo lililonileta.

Wahenga walisema kazi ni kipimo cha utu. Sina ugomvi nao. Ila naomba leo tuwaongezee swali moja: kama kazi ndiyo inayompima mtu, hiyo kazi yenyewe inapimwa na nani, kwa mizani gani, na aliyeifanya anasimama wapi inapopimwa? Dai langu ni kwamba mtu wa Kiwira haogopi kazi ngumu. Kinachomvunja moyo ni kazi ambayo haipimwi, au inayopimwa kwa macho ya mtu mwingine huku mwenyewe akisubiri kuambiwa.

Ardhi isiyompa mtu likizo

Tuanze na mahali tulipo. Mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 2,960, ni mlima wa volkano, na udongo wake ndio utajiri wetu wa kwanza. Utajiri wa pili ni mvua. Sehemu kadhaa za wilaya hii hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kiasi ambacho ndugu zetu wa Dodoma wakikisikia hudhani tunatia chumvi. Juu kule Isongole kuna viazi; hapa katikati kuna migomba, chai, kahawa na maparachichi; ukiteremka hadi Kyela unakuta kakao na mpunga.

Lakini mvua inayootesha mgomba huotesha na magugu. Wenzetu wa nyanda kame wana miezi ya kukaa kivulini, sisi hatuna. Shamba la Rungwe linadai mkono mwaka mzima, na ndiyo maana sijawahi kuafikiana na wale wanaokuja hapa na kusema vijana wa siku hizi ni wavivu. Shamba la mvivu wa Rungwe humezwa na majani kwa msimu mmoja tu.

Miaka ya 1930 walikuja huku watafiti wawili mke na mume, Godfrey na Monica Wilson, wakakaa na Wanyakyusa na kuandika habari zao. Waliona jambo ambalo wazee waliopo hapa hawahitaji kuelezwa: kwamba baba na wanawe walishika jembe na kulima, akina mama wakapanda, wakapalilia na kuvuna, na wavulana wakachunga ng'ombe. Kila mmoja alijua sehemu yake, na jirani zake walijua kama ameitimiza. Kitabu maarufu cha Monica kilitoka mwaka 1951. Lakini sehemu kubwa ya mazungumzo na tafsiri waliifanya kwa msaada wa wenyeji, na mmoja wao ni Leonard Mwaisumo, karani na mkalimani wa Godfrey. Jina lake haliko kwenye jalada. Naomba mliweke akilini, maana nitarudi kwenye suala la majina na madaftari.

Safari za Lupa na Kusini

Kodi ya kikoloni ilipodai fedha taslimu, ndizi hazikuwa na soko la maana. Vijana wakafunga safari. Kwanza walikwenda Lupa, kule Chunya, ambako dhahabu iliwavuta maelfu miaka ya 1930. Kisha wakaenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, na wengine wakasajiliwa na WENELA, wakala wa kuajiri watu wa migodini, kwenda migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Philip Gulliver, mtafiti wa serikali ya kikoloni, alichapisha mwaka 1957 utafiti kuhusu Wanyakyusa waliokwenda kazi za mbali. Safari hizo zilikuwa sehemu ya ujana wa mwanamume wa Rungwe: aende, arudi na fedha, nguo na mahari.

Nyumba nyingi hapa zina babu aliyekwenda Kusini. Kazi ya chini ya ardhi ilikuwa ya hatari, na mshahara wa mtu mweusi ulikuwa wa dhuluma. Hilo halina utetezi. Hata hivyo wazee wale waliporudi walizungumza kwa kujivuna, na sababu moja ni kwamba waliweza kuhesabu. Mkataba ulikuwa na mwanzo na mwisho. Mtu alijua amebakiza miezi mingapi, na fedha zipi zitamsubiri. Aliporudi alionyesha ng'ombe na kusema, hawa ni jasho langu. Dhuluma ile ilikuwa na daftari, na daftari lilimwezesha kuijua. Baada ya uhuru serikali yetu ilifunga mlango wa kupeleka watu Afrika Kusini ya ubaguzi, na ilifanya haki. Lakini waliorudi shambani walikuta kazi ambayo hakuna aliyeihesabu.

Mizani nne za Kiwira

Sasa twende kwenye mambo ya leo, tutazame mazao manne na namna yanavyopimwa.

La kwanza ni chai. Ilifika wilayani humu enzi za Wajerumani, na wakulima wadogo waliingia kwa wingi baada ya uhuru. Mchumaji anatafuta majani mawili na chipukizi, mikono miwili kwa pamoja, kapu mgongoni, maji ya umande yakimlowesha hadi kiunoni. Kisha anafika kwenye mizani. Kapu linatundikwa kwenye ndoano, mshale unacheza, karani anasoma. Zinatolewa kilo za kapu, na majani yakiwa na maji zinatolewa nyingine. Hapo ndipo utamsikia mama akisema kwa sauti ya chini, "Leo wamenikata." Hajasema kazi ni ngumu, ingawa ni ngumu kweli. Amelalamikia kilo mbili ambazo hakuona zilivyokatwa. Wachumaji niliozungumza nao wanawajua makarani kwa majina: yule anayegeuza uso wa mizani kuelekea kwa mchumaji, na yule anayeugeuzia kwake. Kwa yule wa kwanza foleni huwa ndefu.

La pili ni ndizi. Mama anatoka kijijini kabla ya mapambazuko, mkungu kichwani, mwingine kwa mtoto anayemfuata nyuma. Sokoni Kiwira anaushusha chini. Mnunuzi anakuja, anaugusa kwa ncha ya kiatu, anainama, anabonyeza ndizi moja, anahesabu chana kwa macho, anataja bei. Mama anataja yake. Mnunuzi anaondoka hatua tatu na kugeuza shingo. Jua likishapanda, mama anajua kwamba kurudi na mkungu nyumbani ni hasara juu ya hasara, na mnunuzi anajua kwamba mama anajua. Bei inafungwa. Hakuna mizani iliyoguswa. Mkungu uleule ukifika Dar es Salaam utakatwa na kuuzwa kwa chana, na huko kila chana itakuwa na bei yake.

La tatu ni viazi, na hapa ndipo lilipo neno ambalo kila mtu katika ukumbi huu analijua: lumbesa. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lakini gunia linajazwa, linashindiliwa, kisha linaongezewa kilemba juu na kushonwa kwa kamba mpaka linasimama kama mtu aliyevaa kofia. Mkulima analipwa gunia moja. Watu wengi husimulia habari ya lumbesa upande wa mkulima peke yake. Mimi naomba mumtazame na kijana anayelibeba. Yeye hulipwa kwa gunia, si kwa kilo. Kwa hiyo kilemba kile kimewanyonya watu wawili kwa mpigo: aliyelima hakulipwa viazi vya juu, na aliyebeba hakulipwa uzito wa juu. Mgongo wake ndio mizani pekee iliyopima ukweli siku ile.

La nne ni maziwa. Rungwe ni moja ya wilaya zinazojulikana nchini kwa ufugaji wa ng'ombe wa maziwa wa kulishwa bandani. Mfugaji anafika kwenye kituo cha kukusanyia, maziwa yanapimwa kama yamechanganywa na maji, yanamiminwa kwenye kipimo cha lita mbele yake, yanaandikwa. Mwisho wa mwezi anajumlisha. Bei nayo hupangwa na wengine, na wafugaji wana malalamiko yao. Lakini fanyeni jaribio dogo. Mwulizeni mfugaji ng'ombe wake anatoa lita ngapi, atawajibu kabla hamjamaliza swali, na atawaeleza kwa nini wiki iliyopita zilipungua. Kisha mwulizeni mwenye migomba mwaka jana aliuza mikungu mingapi. Atacheka. Wote wawili wanafanya kazi kwa bidii ileile, na mara nyingi ni mtu mmoja. Kazi inayopimwa mbele yake anaizungumzia kama fundi anavyozungumzia ufundi wake. Ile isiyopimwa anaiita "hivi vindizi vyangu".

Mshahara nao si dawa ya yote

Najua kuna mzazi anayesema moyoni: mwalimu, yote haya ya nini? Mwanangu apate ajira, basi. Namwelewa. Hapa kwetu kuna Chuo cha Magereza Kiwira, na kila mwaka watoto wetu wanaona vijana wakitoka pale na sare, cheo, mshahara wa mwezi na pensheni mbele ya safari. Ajira ina kipimo kilichoandikwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mama wa ndizi akisikia siku 28 za likizo anadhani mnamtania.

Lakini tukumbuke Mgodi wa Makaa ya Mawe Kiwira, uliobeba jina letu ingawa wenyewe uko upande wa Ileje. Ulijengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa China, ukawa na shimo la chini ya ardhi na mtambo wake wa umeme. Waliopata kazi pale walionekana wameukata. Mwaka 2005 ukabinafsishwa, baadaye uzalishaji ukasimama, na hatimaye mgodi ukarudi mikononi mwa Serikali chini ya STAMICO, shirika la madini la taifa. Madai ya wafanyakazi ya mishahara na mafao yalifika mpaka bungeni. Mtu aliyezoea kuhesabu mwisho wa mwezi, mwezi usipoisha kwa malipo, huumia kuliko yule ambaye hakuahidiwa kitu. Kipimo kilichoandikwa na kisichoheshimiwa huacha kidonda kibaya.

Tuwatazame na vijana wa bodaboda. Wapo wanaoendesha kwa hesabu: jioni unampelekea tajiri kiasi mlichokubaliana, ukipata ukikosa. Wapo wanaoendesha kwa mkataba: unalipa kila siku au kila wiki, na muda ukitimia pikipiki inakuwa yako. Ukungu ni uleule, mteremko ni uleule, hatari ni ileile. Lakini kijana wa mkataba huosha pikipiki yake jioni na kuilaza ndani. Yule wa hesabu anaiendesha kama kitu cha kukodi. Tofauti haiko kwenye tabia zao. Mmoja kila siku anapunguza deni. Mwingine kesho anaanza upya palepale alipoanzia jana.

Tunachowafundisha watoto

Kuna kosa moja ambalo hatuwezi kumsingizia dalali wala kampuni. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, akataka shule iwe na shamba ili mtoto ajifunze kwa vitendo na asiidharau kazi ya wazazi wake. Shamba la shule tulilipata. Kisha tukaligeuza mahali pa adhabu. Mtoto akichelewa, jembe. Akipiga kelele, jembe. Akifeli, anaambiwa, "Utaishia kulima." Halafu akifika miaka 20 tunamshangaa anapotamani kuuza vocha mjini kuliko kurithi ekari mbili zenye rutuba kama hizi.

Nchi hii haijapungukiwa na kaulimbiu. Tumekuwa na Uhuru na Kazi, tukawa na Siasa ni Kilimo mwaka 1972, Kilimo Kwanza mwaka 2009, Hapa Kazi Tu mwaka 2015, na Kazi Iendelee mwaka 2021. Zote zinamhimiza mtu afanye kazi. Hakuna hata moja inayouliza kama kazi aliyokwisha kuifanya imehesabiwa sawasawa. Mtoto anayasikia hayo yote, kisha anamwona mama yake sokoni mkungu ukiguswa kwa ncha ya kiatu. Kati ya kaulimbiu na kiatu, mtoto atakiamini kiatu.

Jina la nani kwenye daftari?

Nilisema nitarudi kwenye majina. Mara nyingi anayekata majani ya ng'ombe ni mama, anayekamua ni mama, anayepeleka maziwa ni mtoto, na jina lililoandikwa kwenye daftari la kituo ni la baba. Mizani imepima sawasawa, lakini hesabu imekwenda kwa mwingine. Mwanamke wa namna hiyo ukimwuliza anafanya kazi gani atakwambia yuko tu nyumbani. Habari yake ni ileile ya Mwaisumo: kazi imesifiwa, aliyeifanya hakutajwa. Akina baba wenzangu, hili halihitaji bunge wala wizara. Linahitaji kalamu.

Pingamizi moja

Mtu mwenye busara atanipinga aseme: mizani haileti bei. Unaweza kupima ndizi kwa gramu na bado soko likakuangusha. Ni kweli. Mwaka 2025 Malawi ilizuia mazao kadhaa ya Tanzania, ndizi zikiwamo, na Afrika Kusini nayo ilikuwa haipokei ndizi zetu. Mwezi Aprili Serikali yetu ikajibu kwa kuzuia mazao yao, na siku chache baadaye ikaondoa zuio ili mazungumzo yaendelee. Mambo kama hayo huamuliwa Lilongwe, Pretoria na Dodoma, na mama mwenye mkungu haulizwi.

Lakini hapo ndipo kipimo kinapozidi kuwa na kazi. Wakulima wenye hesabu za kilo walizouza mwaka jana wanaweza kumwambia mbunge wao kwa tarakimu wamepoteza nini. Asiye na hesabu ana kilio tu, na vilio serikalini ni vingi. Mizani haipandishi bei. Inampa mkulima ushahidi, na ushahidi ndio mwanzo wa kusikilizwa.

Ninachoomba

Nimalize kwa maombi, kila moja na mlango wake.

Kwa halmashauri yetu: soko linalokusanya ushuru wa ndizi kila siku liwe na mizani ya ndizi, iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, iliyowekwa hadharani, na uso wake uelekee kwa muuzaji. Na geti la ushuru linaloona lumbesa ikipita kwenye Fuso lisifumbe macho kwa sababu tu ushuru umelipwa.

Kwa wanunuzi wa chai, maziwa na maparachichi: kila kilo inayokatwa iandikwe kwenye stakabadhi pamoja na sababu yake. Mtu hukubali hasara anayoielewa.

Kwa wenye pikipiki: andikeni mikataba, hata karatasi moja yenye mashahidi wawili kutoka kijiweni, ili kijana ajue siku ya mwisho ni ipi.

Kwa walimu wenzangu: ondoeni jembe kwenye orodha ya adhabu. Mtoto apewe tuta lake, alipande, avune, apime kwa kilo na kuandika. Atakayejua tuta lake lilitoa nini hataona haya kusema mama yake ni mkulima.

Kwa akina baba: jina la mama liingie kwenye daftari la maziwa mwezi huu huu.

Na kwenu ninyi nyote mnaoamka kabla ya jogoo: nunueni daftari. Andikeni mikungu, kilo, lita, magunia na siku. Anayejua hesabu ya kazi yake ni vigumu kudharauliwa, na ni vigumu zaidi kujidharau.